Lenzi ya Kamera: Kina cha Ukali na Kulenga kwa Mkono

Mimi nimepewa na wahariri ukurasa wa somo, na somo nililolichagua ni la lenzi ya kamera. Najua kuna watakaouliza: Chama cha Kiswahili kinahusika vipi na kamera? Si hiyo ni kazi ya Chama cha Sayansi? La hasha! Lugha isiyoweza kueleza fizikia ni lugha ya kuimbia ngonjera pekee, na sisi hatukubali Kiswahili chetu kiwe hivyo. Hata neno kamera lenyewe asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba tu. Kwa hivyo karibu chumbani.

Kabla hatujaanza, tuelewane kuhusu maneno. Picha ambayo kila kitu kimeonekana waziwazi, hata unaweza kuhesabu nyusi za mtu, nitaiita picha kali. Ile yenye ukungu nitaiita picha butu. Ni kama kisu tu: kuna kikali na kuna kibutu. Kitendo cha kurekebisha lenzi ili kitu fulani kiwe kikali nitakiita kulenga. Na ule upana wa mahali panapotoka pakali, tangu karibu na kamera hadi mbali, nitauita kina cha ukali. Sasa twende.

TUANZE NA TULICHOJIFUNZA KIDATO CHA KWANZA

Wote tuliopita kidato cha kwanza tulitengeneza kamera ya tundu la sindano. Unachukua boksi, unalipaka rangi nyeusi ndani, unatoboa tundu dogo upande mmoja, na upande wa pili unabandika karatasi nyororo. Ukilielekeza kwenye mshumaa unaowaka, unauona mshumaa kwenye karatasi umesimama kichwa chini miguu juu. Jambo hili si geni. Mtaalamu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri, aliliandika miaka elfu moja iliyopita alipokuwa akichunguza mwanga.

Kamera hiyo ya boksi ina sifa moja ya ajabu: haihitaji kulengwa. Mshumaa ukiwa karibu au mbali, ukali wa picha ni uleule. Basi kwa nini watu walihangaika kutengeneza lenzi? Jibu ni mwanga. Tundu la sindano hupitisha mwanga kidogo mno, kwa hivyo ukitaka kupiga picha ya mtu kwa boksi lile, itabidi asimame bila kutikisika kwa muda mrefu. Ukilipanua tundu ili mwanga uingie zaidi, picha nayo inakuwa butu.

Hapo ndipo lenzi ilipokuja kuokoa. Lenzi ni kama tundu pana lenye akili. Hukusanya mwanga mwingi, kisha huukunja ili miale yote iliyotoka sehemu moja ikutane tena sehemu moja. Lakini kila kizuri kina gharama yake, na gharama ya lenzi ni hii: haiwezi kuwa sahihi kwa umbali wote kwa wakati mmoja. Ni lazima uiambie umbali gani unaoutaka. Huko kuiambia ndiko kulenga.

FANELI MBILI

Sehemu hii ndiyo roho ya somo, kwa hivyo isome polepole. Fikiria faneli ya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa. Mdomo wake ni mpana na ncha yake ni nyembamba. Mwanga unaotoka nyuma ya lenzi una umbo hilo hilo. Mdomo wa faneli uko kwenye lenzi, na ncha iko pale miale inapokutana. Filamu ikikaa kwenye ncha barabara, utapata nukta, na nukta nyingi kali ndizo zinazofanya picha kali. Filamu ikikaa mbele au nyuma ya ncha, badala ya nukta utapata kiduara. Viduara vikubwa vikipandana, picha inakuwa butu. Ukungu wote wa picha ni hivyo viduara tu, hakuna uchawi.

Sasa chukua faneli mbili za urefu sawa: moja yenye mdomo mpana kama sahani na nyingine yenye mdomo mwembamba kama wa chupa ya soda. Zikate zote mbili sentimita moja kutoka kwenye ncha. Ile pana itakupa duara kubwa, na ile nyembamba itakupa kiduara kidogo. Umeona? Kosa la umbali ni lilelile, lakini faneli nyembamba inalisamehe.

Jicho la binadamu nalo ni lenye huruma. Kiduara kikiwa kidogo sana, jicho hulihesabu kuwa nukta. Wataalamu wa kamera za filamu ya milimita 35 huchukua kipimo cha milimita 0.03 hivi juu ya filamu kuwa ndio mpaka wa huruma hiyo. Kwa sababu ya huruma hii, vitu vilivyo mbele kidogo na nyuma kidogo ya pale ulipolenga navyo huonekana vikali. Eneo hilo lote ndilo kina cha ukali.

MBONI YA LENZI

Ndani ya lenzi mna vibati vyembamba vinavyoweza kufunga na kufungua tundu la katikati, kama mboni ya jicho inavyofanya. Ukitoka gizani kwenda juani, mboni ya jicho lako hujikunja. Kwa hivyo nami nitaliita tundu hilo mboni ya lenzi.

Kwenye lenzi utaona namba hizi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Wengi huchanganyikiwa hapa, maana namba kubwa ni tundu dogo. Ati 16 ni ndogo kuliko 2? Ndiyo, na sababu yake ni hesabu ya darasa la nne: ni namba ya chini ya sehemu. Moja juu ya kumi na sita ni ndogo kuliko moja juu ya mbili, si unakumbuka? Chukua urefu wa lenzi, tuseme milimita 50, ugawe kwa namba hiyo. Kwa namba 2 unapata mboni yenye upana wa milimita 25, na kwa namba 8 unapata milimita 6.25. Kila ukisogea hatua moja kwenda namba kubwa, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu.

Mboni ndogo ni faneli nyembamba, kwa hivyo hukupa kina kirefu cha ukali. Mboni kubwa ni faneli pana, nayo hukupa kina kifupi. Lakini ukifunga mboni umepunguza mwanga, na itakubidi shata ya kamera ikae wazi kwa muda zaidi. Ikikaa wazi zaidi, mkono unatetemeka au mtu anasogea, na picha inaharibika kwa njia nyingine. Wapiga picha wana kanuni kwamba ukiishika kamera yenye lenzi ya milimita 50 kwa mkono, usishuke chini ya sehemu moja ya sitini ya sekunde. Ama kweli, mshika mawili moja humponyoka.

JARIBIO LETU UWANJANI

Wahenga walisema kuona ni kuamini. Mjomba wangu alikuwa mpiga picha wa kutembea hapa mjini Kakamega kabla ya simu kuwafikia watu wote. Alikuwa akipiga watu picha kwenye harusi, kwenye mahafali na Jumapili baada ya ibada. Bado ana kamera yake ya filamu yenye lenzi ya milimita 50, ile ya kulengwa kwa mkono. Alitupatia filamu moja ya picha 36 akatuambia, "Msinimalizie bure. Kila picha mjue mnataka nini kabla ya kubonyeza."

Tuliweka kamera juu ya meza uwanjani. Kwa kamba ya kupimia ya michezo, tulipanga wanachama saba kwa mshazari ili mmoja asimkinge mwenzake: wa kwanza mita 2 kutoka kwa kamera, wa pili mita 3, na kuendelea hivyo hadi wa saba mita 8. Kila mmoja alishika kadibodi yenye herufi. Tulimlenga yule wa mita 4. Ilikuwa jioni, jua limekwisha kujificha nyuma ya miti, na tulifanya hivyo makusudi, maana jua la mchana ni kali mno kwa mboni 2. Tulipiga mara tatu bila kugusa pete ya kulengea. Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa. Matokeo ni haya:

Mboni 2, shata moja juu ya elfu moja: aliyetoka mkali ni wa mita 4 peke yake. Wengine wote walikuwa butu.

Mboni 8, shata moja juu ya sitini: wa mita 3, 4, 5 na 6 walitoka wakali.

Mboni 16, shata moja juu ya kumi na tano: wote walitoka wakali isipokuwa yule wa mita 2.

Baadaye mwalimu wetu wa fizikia alitufanyia hesabu ubaoni, nayo ikakubaliana na picha. Ukilenga mita 4 kwa mboni 2, kina cha ukali kinaanzia mita 3.65 na kuishia mita 4.4. Kwa mboni 8 ni kutoka mita 2.9 hadi 6.4. Kwa mboni 16 ni kutoka mita 2.3 hadi mita 16 na ushei. Angalia jambo moja zaidi hapo: kwa mboni 8, mbele ya yule tuliyemlenga kuna mita 1.1 tu za ukali, lakini nyuma yake kuna mita 2.4. Ukali huenda zaidi nyuma kuliko mbele. Ndiyo maana mpiga picha mjuzi akipiga darasa zima lililopangwa mistari mitatu, halengi mstari wa mwisho. Hulenga mstari wa pili au katikati ya wa kwanza na wa pili, kisha hufunga mboni.

MAMBO MENGINE MAWILI

Mboni si peke yake. Jambo la pili ni umbali. Kadiri unavyokaribia kitu ndivyo kina kinavyopungua. Lenzi ileile ya milimita 50 kwa mboni 8, ukilenga mita 1 una sentimita 18 tu za ukali. Ukilenga nusu mita, unabaki na sentimita 4 hivi. Wale wanaokwenda kupiga picha za vipepeo msituni, pale Isecheno au Buyangu, wanalijua hili vizuri. Msitu wa Kakamega una giza chini ya miti mikubwa, kwa hivyo huwezi kufunga mboni sana, na kipepeo unamsogelea. Dawa yake ni kuishika kamera sambamba na mabawa yake, ili bawa zima liingie katika zile sentimita 4.

Jambo la tatu ni urefu wa lenzi. Lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, ina kina kifupi. Lenzi ya milimita 135 ikilenga mita 4 kwa mboni 8 hukupa sentimita 41 hivi, na ile ya milimita 50 ilikupa mita 3 na nusu!

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali ambalo wenzangu huniuliza: mbona simu inatoa kila kitu kikali? Ni kwa sababu lenzi ya simu ni fupi sana, milimita chache tu, kwa hivyo kina chake ni kirefu. Na ule ukungu mzuri unaouona nyuma ya mtu kwenye simu, mara nyingi si wa lenzi. Ni programu inayokisia mtu anaishia wapi, kisha inapaka ukungu kwingineko. Angalia vizuri pembezoni mwa nywele na masikio, wakati mwingine utaona imekata sikio la mtu.

KULENGA KWA MKONO, HATUA KWA HATUA

Ukiitazama lenzi ya zamani, iwe ya Yashica, Zenit, Pentax au nyingineyo, utaona pete yenye namba za mita na futi. Mwisho kabisa pana alama kama nane iliyolala. Hiyo ni mbali kusikokuwa na mwisho: milima, mwezi na nyota.

Unapoizungusha pete, lenzi inasogea mbele au nyuma kidogo. Kidogo kiasi gani? Utashangaa. Lenzi ya milimita 50 ikilenga mbali kabisa, inakaa milimita 50 kutoka kwenye filamu. Ikilenga mita 2, inakaa milimita 51.28. Tofauti ni milimita moja na robo tu! Kidato cha nne tutapewa kanuni ya hesabu hiyo katika sura ya lenzi, lakini mnaweza kuanza kuwasumbua walimu mapema.

Hatua zenyewe, kama nilivyofunzwa na mjomba, ni hizi:

1. Kwanza amua ni nini muhimu katika picha. Usiguse pete kabla ya kuamua. Kama ni mtu, lenga jicho, na kama amegeuka upande, lenga jicho lililo karibu nawe.

2. Mkono wa kulia unashika kamera na kubonyeza, mkono wa kushoto unabeba lenzi kutoka chini na kuzungusha pete.

3. Chungulia. Kamera nyingi za aina hii zina kiduara katikati ya dirisha la kuchungulia, kilichokatwa vipande viwili. Ukikosea umbali, mstari ulionyooka kama mlingoti unaonekana umevunjika. Zungusha hadi uungane.

4. Kama hakuna kiduara, zungusha hadi kitu kiwe kikali, pitiliza kidogo kiwe butu tena, kisha rudi. Macho hujua ukali kwa kuulinganisha na ubutu.

5. Ukishalenga, usisogee wala mtu asisogee. Kwa mboni 2 na umbali wa mita 2, una sentimita 19 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Mtu akicheka na kuinama mbele, ameshatoka nje ya ukali.

6. Bonyeza taratibu huku umezuia pumzi.

Kuna pia mbinu ya kulenga kabla. Wale wanaohudhuria mapigano ya fahali kule Khayega au Shinyalu wanajua kwamba fahali hakusubiri uzungushe pete. Weka mboni 8, weka pete kwenye mita 10, basi. Kila kitu kutoka mita 5 hivi hadi mbali sana kitakuwa kikali, na wewe kazi yako itabaki kubonyeza na kukimbia. Vivyo hivyo kwa wachezaji wa Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho iliyoandikishwa na UNESCO mwaka wa 2014. Ngoma ikishika moto, hakuna mchezaji atakayesimama akusubiri.

Na ukitaka kumpiga rafiki yako pamoja na lile jiwe linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, weka mboni 16 na pete kwenye mita 5.3. Ukali utaanzia mita 2.6 na kuendelea hadi mwisho wa macho. Rafiki akisimama mita 3, yeye na jiwe wote watatoka.

PICHA YA BABU

Huenda kuna anayesema moyoni: haya yote ni ya nini, na simu inajilenga yenyewe? Nitajibu kwa jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Babu yangu, mzee aliyezaa mama, alifariki mwaka wa 2021. Kama ilivyo desturi, ilitakiwa picha ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi. Babu hakuwa mtu wa picha. Tulipekua masanduku yote tukapata moja tu, iliyopigwa jioni ya harusi ya zamani sana, na hakuna anayekumbuka aliyeipiga. Babu amesimama amevaa koti, na nyuma yake kuna ghala la mahindi. Ghala ni kali. Unaweza kuhesabu fito zake moja moja, hata kamba zilizofungiwa zinaonekana. Uso wa Babu ni ukungu. Macho ni vivuli viwili.

Nyanya aliishika ile picha akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ghala hili nalikumbuka. Huyu mtu je, ni nani?"

Binamu yangu mmoja aliipiga kwa simu akaiingiza kwenye programu ya kunoa picha. Ikatoa uso mkali kweli, wenye macho, pua na ndevu safi. Watu wakapiga makofi. Nyanya akatikisa kichwa, "Huyo simjui kabisa. Nirudishieni ule ukungu wangu." Na Nyanya alikuwa sahihi kwa fizikia yote. Viduara vikishapandana kwenye filamu, habari iliyokuwa usoni imechanganyika na haitengani tena ikawa kama ilivyokuwa. Programu haikumpata Babu. Ilikisia kutokana na nyuso za watu wengine. Tulizika kwa picha ile ya ukungu.

Baada ya kujifunza somo hili nilimwomba mjomba tuikague. Alikisia kwamba Babu alikuwa mita 2 kutoka kwa kamera, na ghala mita 3. Jioni mwanga ni haba, kwa hivyo mboni ilifunguliwa yote, tuseme 2. Aliyepiga alilenga ghala. Hesabu inasema ukilenga mita 3 kwa mboni 2, ukali unaanzia mita 2.8 na kuishia mita 3.2. Babu alikosa kwa sentimita 80. Hata mboni 8 isingemwokoa, kwa maana ukali ungeanzia mita 2.3. Pete ilihitaji kuzungushwa kidogo tu, pengine upana wa kidole, na leo tungekuwa na uso wake.

Simu na kamera za kisasa hujilenga kwa kutafuta nyuso au kitu kilicho karibu, na mara nyingi zinapatia. Lakini hazijui Babu ni nani. Kuna nyumba zenye giza, kuna majani yanayopita mbele, kuna mtu wa nyuma mwenye uso mkubwa zaidi. Hapo ni wewe unayejua nani ni muhimu, na kwenye simu nyingi unaweza kumgusa mtu huyo kwenye kioo ili ilenge pale. Huko nako ni kulenga kwa mkono.

Mwezi wa nne tulimkalisha Nyanya kwenye kiti nje ya nyumba, asubuhi, kivulini. Nililenga jicho lake la kushoto, mboni 5.6. Alipoiona picha alilalamika kwamba mikunjo yote imeonekana. Mjomba akamwambia, "Mama, hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta."

MKENYA ALIYELENGA KWA MKONO MMOJA

Siwezi kumaliza bila kumtaja Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na kuanzisha shirika lake la Camerapix mwaka wa 1963. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1984, picha zake za filamu za njaa iliyokuwa Korem, Ethiopia, zilionyeshwa na BBC zikaamsha ulimwengu mzima kutoa misaada. Mwaka wa 1991, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mwenzake John Mathai alikufa, na Amin akapoteza mkono wake wa kushoto. Msomaji, kumbuka hatua ya pili hapo juu: mkono wa kushoto ndio wa kuzungusha pete. Hata hivyo alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Mtu wa namna hiyo akiweza, sisi wenye mikono miwili tuna kisingizio gani?

JARIBIO LA KUFANYA DARASANI BILA KAMERA

Wewe unayevaa miwani ya kuona mbali, ivue. Ubao umekuwa butu, sivyo? Sasa toboa karatasi kwa sindano, uchungulie kwa tundu hilo. Maandishi yatarudi kuwa makali, japo na giza kidogo. Umefunga mboni, faneli imekuwa nyembamba. Na hii ndiyo sababu mwanafunzi asiyeona vizuri hukunja macho akitazama ubao. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo kila siku, usimcheke. Mwambie mwalimu, huenda anahitaji miwani.

ZOEZI

1. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa mboni 4, tundu lina upana gani?
2. Umepima mwanga ukapata mboni 4 na shata moja juu ya 250. Ukitaka mboni 11, shata iwe ngapi? Utaishika kamera kwa mkono?
3. Mtu yuko mita 2, nyumba iko mita 8. Unataka mtu awe mkali na nyumba iwe butu. Utachagua mboni 2 au 16? Utalenga wapi?

Majibu: (1) Milimita 12.5. (2) Hatua tatu: moja juu ya 30. Iweke juu ya meza au ukuta. (3) Mboni 2, na ulenge jicho la mtu.

Wenzangu, likizo inakuja. Kila mmoja wetu ana mzee nyumbani ambaye hana picha nzuri. Usingoje tanzia. Mkalishe kivulini, mlenge jicho, ubonyeze. Ikichapishwa, andika jina na mwaka nyuma yake.